Kasa, palahala au chui: upakue mchoro upi wa mshono wa msalaba?

Binti ya dada yangu alikuja kwetu Kibokoni, Mombasa, jioni moja akiwa na michoro mitatu ya kudarizi kwenye simu yake, akitaka kujua aanze na upi. Wa kwanza ulikuwa wa kasa anayeogelea, wa pili wa palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, aliyesimama ubavu, na wa tatu ulikuwa uso wa chui aliyekodoa macho. Yote mitatu ni faili za PDF za kupakua; wa kasa ulikuwa wa bure, na hiyo miwili mingine alikuwa ameilipia. "Mama mkubwa, mimi moyo wangu uko kwa chui," aliniambia kabla hata hajavua buibui. Nilimwomba aniachie simu nisome kila faili hadi ukurasa wa mwisho, kwa kuwa jalada la mchoro wa namna hii humwonyesha mnyama tu, ilhali kazi yenyewe, yaani idadi ya mishono, idadi ya rangi na jinsi rangi hizo zilivyotawanyika, imo katika kurasa za ndani ambazo watu wengi hawazifungui mpaka wameshanunua uzi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuushika, mshono wa msalaba ni darizi ya kuhesabu. Mshonaji wa kofia za vito huanza na nakshi iliyokwisha kuchorwa juu ya kitambaa, na sindano yake hufuata mstari. Huku hakuna kinachochorwa juu ya kitambaa hata kidogo. Kitambaa kinachotumika, ambacho huitwa Aida, kimefumwa kwa viraba vyenye matundu kwenye pembe, mchoro nao umegawanywa kwa viraba, kila kimoja kikiwa na alama ya rangi yake, na kazi ya mshonaji ni kuhesabu na kuhamisha kiraba kimoja kimoja kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kitambaa kwa nyuzi mbili zinazokingamana. Aida hutajwa kwa idadi ya viraba vilivyomo katika inchi moja: ya 14 ndiyo ya kawaida, ya 11 ina viraba vikubwa vinavyomfaa mtoto au mtu ambaye macho yameanza kuchoka, na ya 18 ni ya mwenye subira na taa nzuri. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi kabla ya kukata kitambaa, gawanya idadi ya viraba kwa namba ya Aida, kisha zidisha kwa 2.54 upate sentimita.

Tuanze na kasa. Mchoro wake una viraba 70 kwa 60, kwa hiyo juu ya Aida ya 14 unatoka na upana wa sentimita 12.7 na kimo cha karibu sentimita 11, kadiri ya sahani ya kikombe. Una rangi tisa na mishono 2,200 hivi tu, kwa sababu aliyeuchora hakuyashona maji: kitambaa chenyewe cha samawati ndiyo bahari. Mimi nikikaa kibarazani mchana, pana mwanga na hakuna anayenisemesha, hushona mishono 130 kwa saa, na kwa mwendo huo kasa huyu ni kazi ya saa 17, ambayo mtu anaweza kuimaliza kwa wiki mbili tatu bila kuacha shughuli zake. Rangi zimekaa kwa makundi: gamba lina kijani tatu, kila moja ikishika sehemu yake, na vikono vina hudhurungi mbili. Ukikosea kiraba kimoja katikati ya kundi la kijani, unakijaza, unasonga mbele, na hakuna atakayeona.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni mistari myembamba inayotenganisha magamba, ambayo hushonwa mwishoni kwa mshono wa kurudi nyuma juu ya misalaba iliyokwisha, na mwanagenzi asiyeikaza sawasawa hupata kasa aliyepindapinda. Ya pili ni kwamba kuna mahali pachache, kwenye ncha za vikono, ambapo mchoro unadai mshono wa robo tatu, yaani sindano itoboe katikati ya kiraba mahali pasipo na tundu. Kwenye Aida jambo hilo linaudhi, na mimi humshauri anayeanza ashone msalaba mzima hapo, kikono kikawa butu kidogo, kuliko kupambana na kitambaa.

Jambo moja lilinifurahisha katika mchoro huu: ni kasa kweli. Nimekwisha kuona michoro kadhaa yenye gamba la kasa na miguu ya kobe, kwa kuwa wachoraji wengi wako mbali na bahari yetu, na pengine lugha zao zinawachanganya wanyama hao wawili kwa urahisi. Hapa pwani mzaha huo hauvumiliki. Mpe mtoto wa Mombasa mto wenye kasa mwenye vidole, atakwambia papo hapo kwamba huyo ni Mzee wa bustani ya wanyama ya Haller Park, yule kobe ambaye mtoto wa kiboko Owen aligandamana naye baada ya tsunami ya Desemba 2004. Kabla ya kupakua, basi, tazama miguu.

Palahala ni habari nyingine. Mchoro wake ni wa kivuli: umbo zima limejazwa rangi moja nyeusi, namba 310 katika nyuzi za kampuni ya DMC, juu ya kitambaa cheupe au cha rangi ya mchanga. Una viraba 110 kwa 140, sawa na sentimita 20 kwa 25.4 kwenye Aida ya 14, na mishono kama 5,200. Idadi hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kasa, lakini kwa kuwa hakuna kubadilisha uzi wala kutafuta alama, mkono huenda kasi zaidi, na nakisia kwamba ningeumaliza kwa saa 35 au pungufu. Fungu moja la uzi wa DMC lina mita 8 na nyuzi sita ndani yake. Kwenye Aida ya 14 hutumia nyuzi mbili kwa wakati mmoja, hivyo fungu hunitosha kwa mishono 1,600 hivi. Palahala atahitaji mafungu manne, na ni vyema yakanunuliwa yote kwa pamoja, kwani weusi wa fungu la leo na weusi wa fungu la miezi sita baadaye huweza kutofautiana, na tofauti hiyo katika umbo la rangi moja hujitangaza.

Mnyama huyu anafaa sana kwa kivuli kwa sababu pembe zake ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni zinatosha kumtambulisha bila jicho wala manyoya. Swala wa kawaida akifanywa kivuli hugeuka mbuzi. Kwa sisi wa huku kuna raha nyingine juu ya hapo: nchini Kenya palahala hupatikana Shimba Hills tu, kule Kwale, mwendo usiofika siku kutoka feri ya Likoni, hivyo mchoro huu, ingawa umechorwa na mtu wa ng'ambo, unamhusu jirani yetu. Lawama yangu kwa palahala ni uchovu. Mishono elfu tano ya rangi moja ni kama kupara samaki wa arusi nzima. Mkono unafanya, akili inalala, na akili ikilala ndipo hesabu ya ukingo inapokosewa. Katika kivuli kosa la ukingo ni kosa la umbo, kwa hiyo mstari wa pembe na wa mgongo ushonwe kwanza, uhakikiwe mara mbili, ndipo tumbo lijazwe jioni huku unasikiliza redio.

Sasa chui, ambaye ndiye aliyemleta binti yangu kwetu. Mchoro una viraba 200 kwa 260, na hakuna kilichoachwa wazi, maana hata giza lililo nyuma ya kichwa linashonwa. Hiyo ni mishono 52,000. Kwa mwendo wangu ni saa 400; mtu akishona saa moja kila siku bila kukosa, Ramadhani, mitihani ya watoto na harusi za ukoo zikiwamo, atamaliza baada ya mwaka na zaidi ya mwezi. Kazi ikiisha itakuwa na sentimita 36 kwa 47 kwenye Aida ya 14, ukubwa unaotaka fremu ya kuagizwa kwa fundi. Rangi ni 68. Unaweza kudhani kwamba mafungu 33 yangetosha kwa idadi hiyo ya mishono, lakini uzi hauuzwi kwa nusu fungu, hivyo utanunua mafungu 68 kwa uchache, na katika orodha nilihesabu rangi kumi na moja ambazo kila moja ina mishono isiyozidi thelathini katika picha nzima.

Hiyo orodha ndiyo iliyonionyesha ubaya wa mchoro. Picha ya chui ilitiwa katika programu, programu ikaigawanya kwa viraba na kukichagulia kila kiraba uzi unaokaribiana nacho, na hakuna mkono wa mtu uliopita baada ya hapo kuziunganisha rangi. Matokeo yake ni vitone vipweke: kiraba kimoja cha hudhurungi, pembeni kimoja cha kijivu, kisha cha manjano iliyofifia, kisha hudhurungi nyingine ambayo jicho halitaitofautisha na ile ya kwanza ila kwenye karatasi. Kwa kila kitone unatia uzi sindanoni, unashona msalaba mmoja, unaficha ncha nyuma ya kitambaa, unakata. Niligeuza siku moja kazi ya jirani iliyotokana na mchoro wa aina hii. Nyuma yake palikuwa pamevimba kama zulia, na sindano ilikuwa inakwama kwa wingi wa ncha zilizofichwa moja juu ya nyingine. Kosa nalo halijazwi kirahisi, kwa sababu kila kiraba hujipima kwa jirani yake, na ukisogea safu moja unaligundua hilo baada ya mishono mia mbili.

Haki yake chui pia aipate. Madoa yake ni ya mviringo ulio wazi katikati, na mviringo huo hauwezi kuonekana katika mchoro mdogo. Ukimweka chui kwenye viraba 70, madoa yanakuwa matone matupu na mnyama anageuka duma, au paka wa sokoni. Wanyama wengine wanavumilia udogo: pundamilia ana mistari, twiga ana mabaka, na jogoo ana kilemba na mkia. Chui hawezi. Atakaye chui atakubali ukubwa, ila atafute mchoro uliopangwa na mchoraji mwenyewe, wenye rangi 25 au 30, mandharinyuma yakiwa kitambaa kitupu. Ishara za kumtambua mchoraji huyo hazijifichi: anaonyesha picha ya kazi iliyoshonwa kweli, yenye nyuzi zinazoonekana na pengine mkunjo wa kitambaa, anataja idadi ya mishono kwa kila rangi, na anaweka ukurasa mmoja wa mfano mtu auone kabla ya kulipa. Mashaka yangu huanza pale jalada linapoonyesha manyoya membamba kuliko kiraba chenyewe, kwani picha ya hivyo imetengenezwa na kompyuta na hakuna sindano itakayoifikia.

Tofauti nyingine hujitokeza saiba, wakati wa kuchapisha. Mchoro wa kasa ni ukurasa mmoja na orodha ya rangi. Unachapishwa kwa dakika moja. Palahala ni kurasa nne. Chui, kwa kurasa zenye viraba 50 kwa 70, ni kurasa 16, na kila moja lazima iungane na jirani zake bila kupungua safu. Faili nyingi za Marekani zimepangwa kwa karatasi ya kwao, ambayo ina upana wa sentimita 21.6 na urefu wa 27.9, ilhali sisi tunatumia A4 yenye sentimita 21 kwa 29.7. Karatasi yetu ni nyembamba kidogo, na printa isipoagizwa kuipunguza picha ikae ndani ya ukurasa, ukingo wa kulia hukatwa. Mwaka juzi nilichapisha mchoro wa bundi katika saiba moja ya hapa mjini, kijana akanipa kurasa zangu kwa haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, nami sikuzihesabu namba za safu. Bundi wangu alikosa safu moja chini ya jicho la kulia, na hadi leo anatazama kama mtu aliyesikia habari asiyoiamini. Tangu hapo hulinganisha namba ya safu ya mwisho ya ukurasa mmoja na ya kwanza ya ukurasa unaofuata nikiwa bado nimesimama mbele ya printa.

Omba pia toleo la alama nyeusi juu ya nyeupe, kwa kuwa printa ya rangi ikiishiwa na wino mmoja, kijani huwa samawati na hudhurungi zote zinafanana. Faili ipelekwe kama faili. Ukiipiga picha skrini na kuituma kwa WhatsApp, alama ndogo hufifia, na msalaba na nyota huwa kitu kimoja. Kwa chui, kama mtu ameamua, ni afadhali asomee kwenye tableti ambako ukurasa unaweza kukuzwa.

Kuhusu vifaa, nitasema machache. Nyuzi za bei nafuu kutoka Uchina hutumia namba zile zile za DMC na kwa kasa zinatosha kabisa, lakini uzilowanishe na kuzibana ndani ya kitambaa cheupe kwanza kuona kama zinachuja, hasa nyekundu na nyeusi. Duka likiwa na nyuzi za kampuni ya Anchor badala ya DMC, namba hubadilika, na nyeusi ya 310 huwa 403. Sindano iwe butu, namba 24 kwa Aida ya 14. Na kwa joto letu, hasa miezi ya kaskazi, jasho la mkono hukitia kitambaa cheupe rangi ya chai, nayo ringi ya kukazia kitambaa, ikiwa na skrubu ya chuma, huacha kutu. Ivuliwe kila unapoweka kazi chini. Kazi ya wiki tatu hupita salama katika hali hiyo. Kazi ya miezi kumi na tatu, kama ya chui, itakunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mno, na pasipo kupiga bandi za uzi hafifu kila baada ya viraba kumi ili kulinda hesabu, sioni mtu akifika mwisho wake kwa amani.

Kuna swali ambalo wauzaji wa michoro hawaliulizi, nalo ni nyumba itakayopokea kazi. Mombasa zipo familia zisizotundika ukutani picha ya kiumbe chenye roho, na hata miongoni mwao wapo wanaoona kwamba mto wa kukalia hauna neno, wengine wakaona kivuli kisicho na uso ni chepesi zaidi kuliko uso wenye macho. Mimi si wa kutoa fatwa. Ninachofanya ni kumwuliza mwenye nyumba kabla ya kuchagua, kwa sababu kumpelekea bibi harusi saa 400 za jasho ambazo atazikunja na kuziweka kabatini ni huzuni kwa pande zote mbili. Kwa kipimo hicho uso wa chui ndio wenye hatari kubwa zaidi, palahala wa kivuli yuko katikati, na kasa juu ya mto wa mtoto hupita milango mingi.

Haki za mchoro nazo zitazamwe, ingawa kwa ufupi. Faili uliyoilipia ni yako kuchapisha na kushona; kuisambaza katika kundi la WhatsApp la wanawake wa mtaa ni kumnyima mchoraji riziki. Kama unakusudia kuuza kazi iliyoshonwa, soma ukurasa wa mwisho, kwani wachoraji wengine huruhusu idadi fulani na wengine hukataza. Mchoro wa kasa, pamoja na ubure wake, ulikuwa na sharti kwamba usiuzwe.

Nilimwambia binti yangu hivi: kasa kwanza, kwa kuwa atamaliza na atajifunza, palahala baadaye, kwa ajili ya ukuta wa nyumba ambayo haina pingamizi, na huyu chui aliyemlipia amwache ndani ya simu, atafute mwingine aliyechorwa na mtu. Alinuna kidogo, akasema fedha yake imekwenda bure, na hapo sikuwa na la kumjibu. Ijumaa iliyofuata tulikwenda Biashara Street tukapata kitambaa cha samawati na rangi saba kati ya tisa, mbili tukazibadilisha kwa zilizokaribiana nazo. Kasa amekwisha sasa, baada ya siku ishirini na mbili, na yumo juu ya mto mdogo chumbani kwa mdogo wake. Kikono chake cha kushoto kimepungua safu moja, nasi hatukukifumua.